Kufufua Land Rover 109 nyumbani, kuanzia chasisi

Land Rover Series III ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na huku Afrika Mashariki nyingi zilianza kazi maofisini, misheni na kwenye hifadhi za wanyama, zikaja kumalizia nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Bado zinafufuka. Hazina kompyuta, karibu kila kitu kimefungwa kwa boliti, na vipuri vipya vinaendelea kutengenezwa. Kinachoua kazi nyingi ni mpangilio: mtu anaanza na rangi na rimu, hela inaisha, breki bado hazishiki.

Maelezo haya ni ya 109, ile ndefu yenye inchi 109 (mita 2.77) kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ikiwa na injini ya lita 2.25. Mwenye 88, ile fupi, atatumia karibu yote. Mfuatano ni huu: chasisi, springi na ekseli, breki, injini, umeme, bodi, kisha mabadiliko. Ukiuruka, utafungua kitu kimoja mara mbili.

Kagua kabla ya kutoa hela

Bodi ni la aloi ya alumini, halioti kutu nyekundu, kwa hiyo bodi linalong'aa halikuambii chochote. Vinavyooza ni vya chuma: chasisi, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, ambao hapa tutauita fayawoli.

Lala chini ya gari na nyundo ndogo yenye ncha, ugonge. Chuma kizima hulia "ting". Kilichooza hulia "dup", na pengine nyundo inazama. Gonga kwanza krosimemba (chuma kinachokatiza chasisi) ya nyuma kabisa, pale panapofungwa ndoano ya kuvutia. Kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kubeba fayawoli na tangi. Kisha mahali springi za nyuma zinaponing'inia. Mwisho pembe mbili za mbele zinazobeba bampa. Chasisi hii ni boksi lililounganishwa kwa mabati manne ya takriban mm 2, na huoza kutoka ndani kuja nje. Doa la kutu la ukubwa wa sarafu kwa nje laweza kuwa na shimo la ukubwa wa kiganja kwa ndani. Gari lililokaa Tanga au Mombasa likague mara mbili. Chumvi ya bahari haina huruma.

Kwenye fayawoli angalia sakafu za miguu, sehemu ya chini ya nguzo za milango, na kona za juu chini ya vile vifuniko vya hewa. Sakafu hukatwa na kubandikwa nyingine kwa siku moja. Nguzo zikioza milango haifungi sawasawa, na hiyo ni kazi ya wiki.

Pima mshazari kwa futi ya utepe: kutoka tundu la springi ya mbele kushoto hadi tundu la springi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana kwa zaidi ya mm 5 hivi, chasisi imepinda. Injini mbovu ni hoja ya kushusha bei. Chasisi iliyopinda ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Mwisho, kwangua uchafu kwenye chasisi mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi, usome namba iliyogongwa pale. Ilingane na kadi ya gari. Isipolingana, unanunua chuma chakavu hata kama kinanguruma vizuri.

Zana na mahali pa kazi

Sehemu kubwa ya gari hili ina boliti za inchi. Spana za milimita zitakula vichwa vya nati. Utakazotumia kila siku ni 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Ongeza boksi spana ya mm 52 kwa nati za habu, spana ya toki, fila geji, grenda, stendi nne za tani 3 kila moja, na jeki ya gurudumu. Kwa kuchomelea chasisi mashine ya waya ndiyo bora, lakini ya kawaida ya vijiti inafanya kazi ukitumia vijiti vya mm 2.5, moto mdogo na vishono vifupi. Ukikazana kuvuta mshono mrefu kwenye bati la mm 2, utalitoboa.

Unahitaji pia sakafu ngumu. Stendi kwenye udongo huzama mvua ikinyesha. Kama hakuna zege, tandika mbao nene zenye upana wa sm 30.

Kuna jambo la usalama ambalo wenye magari ya kisasa hawalijui. Breki ya mkono ya Land Rover hii haishiki magurudumu, inashika propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), kwa dramu iliyoko nyuma ya giaboksi ndogo. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliacha lile lizunguke na gari zima linaweza kuondoka na breki ya mkono ikiwa imevutwa. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kila mara. Na usiivute breki hiyo gari likiwa kwenye mwendo, labda kama ya mguu imekufa kabisa. Mshtuko wake hukata shafti za nyuma.

Boliti zilizoganda ziloweshe mafuta ya kulegeza kutu jioni, tena asubuhi, ndipo uguse spana. Za bodi zikikataa, zikate kwa grenda bila majuto, ni za bei ndogo. Za injini usilazimishe: pasha moto chuma kinachoizunguka boliti, siyo boliti yenyewe, kisha kaza kidogo kabla ya kulegeza. Boliti ikikatikia ndani ya bloku umejitafutia siku mbili za kutoboa.

Kila unachofungua kitie kwenye mfuko wake na karatasi yenye jina na upande. Piga picha nyaya na mabomba kabla ya kuvitenganisha. Na usilifungue gari zima kwa mkupuo mmoja. Gari lililotawanywa lote kwenye maboksi mara nyingi huuzwa kwenye maboksi hayo hayo.

Chasisi

1. Ondoa betri, fungua waya za alteneta, toa tangi la mafuta. Kwenye 109 nyingi liko chini ya siti ya mbele. Tangi lipelekwe mbali na kazi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu mvuke wake ndio unaolipuka.

2. Weka chasisi juu ya stendi nne na uisawazishe kwa pima maji, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Ukichomelea chasisi iliyokaa upande, itabaki upande maisha yake yote.

3. Kata hadi ufike kwenye chuma safi chenye unene kamili. Kiraka kilichoshonwa juu ya kutu huachia pembeni ndani ya mwaka mmoja. Tumia bati la mm 2 au 2.5. Watu hupenda kuweka mm 4 wakidhani ndiyo nguvu, lakini bati nene linahitaji moto mwingi unaochoma lile jembamba la jirani, na ufa huanzia pale pale penye mshono. Kona za kiraka zikate mviringo.

4. Mikono inayobeba fayawoli badilisha mmoja mmoja, kamwe siyo yote miwili kwa pamoja. Kabla ya kukata, shikiza fayawoli kwa kipande cha angle kilichochomelewa kwa muda kutoka juu yake hadi kwenye chasisi. Shika mkono mpya kwa vituo vichache vya kuchomelea, ning'iniza mlango, ufunge na uangalie nafasi pembeni yake. Ikiwa sawa, malizia mshono. Wanaoruka hatua hii hujikuta na mlango unaohitaji goti ili ufunge.

5. Krosimemba ya nyuma inauzwa ikiwa na mabega yake yanayoingia ndani ya chasisi. Nunua hiyo badala ya kuunda kwa vipande.

6. Zibua matundu yote ya kutolea maji chini ya chasisi. Hayo ndiyo yaliyoziba kwa udongo na kuiozesha mara ya kwanza.

Kinga nzuri kuliko zote ni kuzamisha chasisi nzima kwenye zinki ya moto, kama kuna kiwanda unachoweza kukifikia. Kamilisha kuchomelea kabla ya kupeleka, kwa sababu moshi wa zinki iliyochomwa huleta homa na unaumiza mapafu. Pasipo zinki: brashi ya waya, praima ya redoksaidi mara mbili, rangi nyeusi ya chasisi mara mbili, kisha nta ya kuzuia kutu inyunyiziwe ndani ya boksi kupitia matundu kwa mpira mrefu. Oili chafu ya injini ambayo wengi hupaka ni rahisi na inazuia kutu kweli, ila inalainisha na kula bushi za mpira, na sehemu iliyopakwa haichomelewi tena bila kuwaka.

Springi na ekseli

Springi za zamani huwa zimeshikana kwa kutu kati ya pasi na pasi (mabamba yake ya chuma). Ndiyo maana watu husema Land Rover inaruka kama gari la ng'ombe. Zifungue, zisugue kwa waya, paka grisi ya grafaiti, badilisha senta boliti, ufunge tena. Pasi iliyolika ncha na kuchimba iliyo chini yake itupwe. Kabla ya kutoa springi ziandike D (upande wa dereva) na K (upande wa pili), kwa kuwa ya upande wa dereva mara nyingi imepinda zaidi ili kubeba uzito wa dereva na tangi. Ukizibadilisha pande, gari litalala.

Bushi za chasisi ndizo zinazotoa jasho. Zimeingizwa kwa nguvu na bomba lao la nje limeungana na chasisi kwa kutu. Choma mpira, toa bomba la ndani, kisha pitisha wembe wa msumeno wa chuma na ukate bomba la nje kwa urefu bila kugusa chasisi. Likishapata mpasuko hugongwa kwa tindo likatoka. Ingiza mpya kwa boliti ndefu na washa nene, siyo kwa nyundo.

Hapa kuna kosa linaloua bushi mpya ndani ya miezi: kukaza boliti za springi gari likiwa juu ya stendi. Bushi hizi hazizunguki, mpira wake ndio unaojipinda. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umepindika muda wote na kuchanika. Zifunge kwa mkono, shusha gari kwenye magurudumu yake, lisukume mbele na nyuma, ndipo ukaze. Yuboliti ziwe mpya na zikazwe tena baada ya km 500.

Kwenye ekseli anza na kitu kidogo ambacho wengi hukipita: kipumulio juu ya mirija ya ekseli. Kikiziba kwa tope, oili ikipata moto inavimba, haina pa kupumulia, inasukuma sili za habu na kumwagikia viatu vya breki. Mtu hubadilisha sili mara tatu na tatizo ni kipumulio.

Mipira ya chuma ya ekseli ya mbele, ile inayogeuka na stelingi, ipitishe kidole. Kama ina vishimo vya kutu, sili mpya itachanwa ndani ya wiki. Vishimo vichache vinaweza kujazwa kwa epoksi na kusuguliwa kwa msasa laini namba 600. Vikiwa vingi nunua mpya. Kila upande huchukua nusu lita ya oili ya gia ya EP90. Oili za kwingine: difu ya kawaida ya Rover lita 1.75, difu kubwa ya Salisbury inayopatikana nyuma ya 109 nyingi lita 2.5, giaboksi kuu lita 1.5, giaboksi ndogo lita 2.5, zote EP90.

Bering za habu zikazwe hadi gurudumu liwe zito, kisha nati irudishwe ili habu icheze mm 0.10 hadi 0.15. Pima kwa saa ya kupimia kama unayo. Bila saa: gurudumu lizunguke huru na mtikisiko usikike mkononi kwa mbali sana. Funga kwa washa mpya ya kukunja.

Breki

109 ina dramu za inchi 11 kote. Mbele kila gurudumu lina silinda mbili, nyuma moja, kwa hiyo jumla ni sita, pamoja na mipira mitatu ya mafuta: miwili mbele, mmoja nyuma. Kwenye gari lililolala miaka, usijaribu kuchagua ipi nzima. Badilisha zote sita na mipira yote mitatu. Mabomba ya chuma yenye kutu yabadilishwe kwa aloi ya shaba na nikeli, ambayo haioti kutu na hupindwa kwa mkono.

Dramu yenye mdomo uliosimama ukingoni imelika. Ipelekwe kuchongwa, ila zote mbili za ekseli moja zichongwe sawa, la sivyo gari litavuta upande.

Weka mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Anayesema oili ya injini inafaa kwa dharura mkatalie: oili ya madini huvimbisha mpira, masta silinda inakataa kurudi, na breki zinajifunga zenyewe barabarani. Mfumo ulioingia oili hausafishwi. Kila mpira ndani yake hubadilishwa.

Kutoa upepo kwenye 109 kunajulikana kwa ukaidi. Dawa ni kukaza vibanio vya viatu hadi kila gurudumu lisizunguke, ili pistoni zisitembee na nafasi ya upepo iwe ndogo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia lililo karibu. Msaidizi akanyage polepole. Akipiga kwa haraka upepo unasambaratika kuwa mapovu madogo yasiyotoka. Kisha legeza kila kiatu hadi kiguse dramu kidogo tu. Pedali ikiwa chini mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, si upepo, ni viatu viko mbali na dramu. Ikiwa laini kama sifongo, hapo ni upepo.

Injini

Usiifungue kabla ya kuipima. Mimina kijiko cha oili nyepesi kwenye kila silinda, acha usiku, kisha izungushe kwa mpini wa kuwashia unaopita kwenye bampa. Ikizunguka, toa plagi zote na upime mgandamizo. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya psi 15 au 20, tia kijiko cha oili ndani na upime tena: ikipanda, ringi zimelika, isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, karibu kila mara gasketi imeungua katikati yao.

Injini hii ilitengenezwa enzi ya petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za ekzosi. Hedi ikifunguliwa, agiza viti vigumu viwekwe kwenye ekzosi. Kama hufungui, kagua tapeti mara kwa mara: nafasi inayopungua yenyewe ni dalili kwamba valvu inazama.

Boliti kubwa za hedi zinakazwa futi-paundi 65 (Nm 88) kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje. Tapeti ni mm 0.25, za kuvuta na za kutoa sawa. Kuna hesabu ya kukumbuka: ukihesabu kutoka mbele, namba mbili lazima zijumlishwe kuwa tisa. Valvu 8 ikiwa imekandamizwa hadi mwisho unaseti 1, ikiwa 7 unaseti 2, ikiwa 6 unaseti 3, na kuendelea. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Plagi mm 0.75 hadi 0.80, pointi mm 0.35 hadi 0.40. Oili lita 6, na karibu lita moja zaidi ukibadilisha filta.

Kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake: nyuso mbili zinapokutana hupinda kwa joto, injini inakunywa petroli na kutoa moshi mweusi hata ukiseti vipi. Weka msasa namba 400 juu ya kioo, sugua kila uso kwa duara hadi uwe bapa, badilisha oringi ya ndani na gasketi. Mara nyingi hela ya kabureta mpya inaokolewa hapo.

Kwa dizeli, ugumu wa kuwaka asubuhi wengi huulaumu kwa nozeli. Anza na upepo: badilisha mipira yote kutoka tangini na washa za shaba kwenye filta. Kisha jaribu plagi za joto. Nozeli zije mwisho.

Kabla ya kuwasha injini iliyofunguliwa, izungushe kwa stata bila plagi hadi taa ya oili izime. Ikishapata moto, gari likienda km 50 kwa saa, presha ya oili iwe kati ya psi 35 na 65. Chini ya hapo, bering za krenki zinaomba kuangaliwa.

Umeme

Matatizo mengi ya umeme kwenye Land Rover ni ati mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Bodi ni alumini, boliti ni chuma, katikati kuna rangi na kutu nyeupe. Vuta waya nene kutoka betri hadi chasisi, mwingine kutoka chasisi hadi giaboksi, na kwa kila taa uvute waya mweusi wake hadi kwenye ati moja iliyosuguliwa hadi chuma. Taa za mbele zipitishwe kwenye rilei mbili, waya wa mm² 2.5, fyuzi karibu na betri. Swichi ya zamani haikuundwa kubeba mzigo wa taa za kisasa. Huyeyuka taratibu ndani ya dashibodi na huoni mpaka unuse.

Bodi na rangi

Panapokutana alumini na chuma, maji yakiingia, alumini ndiyo inayoliwa na kugeuka unga mweupe. Angalia kingo za milango na pale reli za chuma zinapokaa juu ya boksi la nyuma la mizigo. Ukirudisha, weka kipande cha mpira au silikoni katikati, na tumia riveti za alumini badala ya boliti za chuma pale inapowezekana.

Usisugue alumini kwa brashi ya waya wa chuma. Chembe zake hubaki ndani na baada ya miezi utaona vidoa vya kutu juu ya gari lisilooza. Tumia kitu cha kulainisha rangi, kisha msasa 180 hadi 320. Halafu praima ya kung'ata, ile maalumu ya alumini. Praima ya kawaida itabanduka kama ganda la kitunguu. Bonde dogo ligongwe kutoka nyuma kwa nyundo ya mbao. Alumini hii huwa ngumu ikigongwa sana na hupasuka, hivyo ipashe moto kidogo: chora mstari kwa sabuni ya mche, pasha hadi sabuni iwe kahawia nyeusi, acha ipoe, endelea.

Usitupe paa la pili kama gari lako linalo, lile bati jeupe linaloelea juu ya paa la kwanza. Liliundwa kwa ajili ya jua la nchi kama zetu. Hewa inapita katikati, na ndani panakalika.

Mabadiliko

Endesha kwanza kama lilivyotoka kiwandani, angalau km 1,000. Nusu ya mabadiliko yaliyopangwa hayahitajiki tena gari likishakuwa na breki, bushi na springi nzima.

Yanayolipa: springi za pasi chache zilizopinda kwa parabola, ambazo hazisuguani na hulainisha safari, zifungwe na shokapu zake, busta ya breki kama gari halina, mfumo wa kuwasha wa elektroniki badala ya pointi, na tairi za 7.50R16, kipimo cha asili cha 109, kinachopatikana kila mahali kwa sababu ya malori madogo. Tairi pana zaidi huongeza uzito wa stelingi, ambayo haina pawa, na hulemea shafti za nyuma.

Kuinua gari zaidi ya sm 5 hubadilisha pembe za propela, jointi zinaanza kulia, na mpira wa breki wa nyuma unavutika ekseli ikining'inia. Ukiinua, nunua mpira mrefu zaidi siku hiyo hiyo.

Injini ya dizeli yenye turbo ya Land Rover, 200Tdi au 300Tdi, ndiyo ndoto ya wengi, na ni chaguo zuri: nguvu farasi zaidi ya 100 badala ya 60 hadi 70. Ya Land Rover Discovery ni rahisi kupata, lakini turbo yake inakaa chini na kugombana na chasisi, hivyo panga bomba la ekzosi na vishikio vya injini kabla ya kulipa. Mkanda wake wa taimingi ubadilishwe bila kujali muuzaji anasema nini. Giaboksi ya Series haikuundwa kwa nguvu hizo. Mguu uwe mwepesi kwenye gia ya kwanza. Wengine hubadilisha difu za uwiano wa 4.7 na kuweka za 3.54 ili gari likimbie. Kwa Tdi inawezekana. Kwa petroli ya zamani, kilima chochote kitakuaibisha. Ovadraivu, yaani gia ya ziada ya mwendo kasi, ndiyo njia bora. Na namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari au logbook mapema, kabla hujasimamishwa.

Keria ya juu ishuke kwa miguu hadi kwenye bampa au fayawoli, isikae kwenye mfereji wa paa peke yake. Magaloni ya maji na dizeli yabaki chini, ndani ya gari.

Snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) inalinda njia ya hewa tu. Distribyuta, alteneta na vipumulio bado vinanyweshwa. Chini ya kasha la klachi kuna tundu la kufungwa kwa plagi kabla ya kuingia mtoni. Itoe ukishavuka. Ikibaki, oili inayovuja kidogo kidogo hujikusanya ndani, na klachi mpya inaanza kuteleza.

Baada ya km 500 za kwanza, bila kuzidi km 65 kwa saa kama injini ilifunguliwa, kaza upya yuboliti, nati za magurudumu na boliti za propela, badilisha oili ya injini, na seti tapeti tena. Legeza kila plagi ya difu ya juu uangalie kiwango. Fofwili (kuendesha kwa magurudumu yote manne) isitumike kwenye lami: gari hili halina difu ya katikati, na mkazo unaojikusanya kati ya ekseli mbili utaujua pale kifundo cha njano cha kuiwekea kitakapokataa kurudi juu. Ikitokea, rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha stelingi, kitaachia chenyewe.